Safu ya Ushauri: Baba Anaona Watoto Wasiokuwepo na Kusikia Kaswida Usiku

Shikamoo Mama Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Mikindani kwa ajili ya baba yangu mzazi, ambaye hajui kwamba ninaandika. Uniwie radhi barua ikiwa ndefu, kwa kuwa sina mtu mwingine wa kumweleza mambo haya bila kuyakuta kesho yake yanasimuliwa sokoni.

Baba ana miaka 74. Alivua tangu ujana wake, kwanza kwa mtumbwi na baadaye kwa boti ya mashine, akaacha kwenda baharini miaka 6 iliyopita macho yalipoanza kufifia. Leo mboni zake zote mbili zina weupe kama tui la nazi, na mtu akisimama mbele yake anamtambua kwa kivuli na mwendo, si kwa sura. Masikio nayo yamepungua. Huwa anasema, “Sauti yako naisikia, mwanangu, ila maneno hayafiki.” Tukipaza sauti anakasirika na kusema kwamba tunamfokea.

Hayo tuliyachukua kuwa ni uzee. Lililotutisha lilianza baada ya Ramadhani. Jioni moja mwanangu wa miaka 9 alimpelekea chai barazani. Baba akapokea kikombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akasogeza ukingo wa mkeka kama anayempisha mtu akae. Mtoto akamuuliza, “Babu, unampisha nani?” Baba akamjibu kwamba kuna watoto watatu wadogo, wamevaa vikofia vyekundu, wamekaa kimya hawasemi neno. Mtoto alirudi ndani mbio akilia. Siku nyingine nilimkuta amekaa kitandani anautazama ukuta mweupe, akaniambia ukuta wote umetandazwa nyavu za macho madogo madogo, zinacheza kama ziko majini. Usiku, nyumba ikishatulia, anasikia kaswida ya maulidi na matari yake, ubeti mmoja ukirudiwa mpaka alfajiri, wakati mtaa wote umelala.

Wiki mbili zilizopita lilitokea jambo lililomaliza subira ya nyumbani. Nilisimama mlangoni mchana, jua likiwa nyuma yangu, nikamwambia, “Baba, wifi amepika.” Akanyanyuka, akanyoosha kanzu yake, akatoka barazani na kukaa akimsubiri mgeni kwa karibu saa nzima. Tulipomwuliza anamsubiri nani, akasema, “Si umesema wifi yako amefika?” Kaka yangu akaamua kwamba mzee ameshachanganyikiwa na asitoke tena kukaa na wenzake, atatuaibisha. Baba mdogo anasema ni majini ya baharini yaliyomfuata kutoka kazini, na ameshapanga kumpeleka kwa mganga huko bara, ambaye pia ana dawa ya kudondoshea machoni.

Mimi nina shaka, kwa sababu ya neno moja aliloniambia tukiwa wawili. Alisema, “Najua hawapo. Nikinyoosha mkono wanatoweka. Lakini ninawaona, sasa nikuambie siwaoni?” Mama, inawezekanaje mtu ambaye macho yamekwisha aone zaidi yetu sisi wenye macho? Je, baba anapoteza akili? Nami nifanye nini?

Binti wa Mvuvi, Mikindani, Mtwara

Marahaba, mwanangu, na umfikishie baba salamu zangu za heshima.

Katika barua yako yote kuna maneno ambayo niliyarudia kuyasoma mara kadhaa, nayo ni yale ya baba mwenyewe, kwamba anajua watoto wale hawapo na kwamba akinyoosha mkono wanatoweka. Mtu aliyepotewa na akili kwa kawaida hushikilia kwamba anachokiona kipo, hutaka na wewe ukikubali, na mara nyingi vitu hivyo humsemesha, humtisha au humwamuru. Baba anaona, anapima, kisha anatoa hukumu iliyo sawa. Sitaki kumtibu mtu kwa barua, na nitakueleza ni nani wa kumpima na kwa nini ni lazima apimwe. Lakini maelezo yako yanafanana mno na hali ambayo madaktari wa macho wanaifahamu, na ambayo huwapata watu waliofifia macho huku ubongo wao ukiwa salama. Inaitwa hali ya Charles Bonnet. Katika miaka yangu ya uuguzi wa macho huku Kusini nilikutana na wazee waliokuwa nayo, na karibu wote walikuwa wameificha kwa muda mrefu, wakiogopa kuitwa wendawazimu na watoto wao wenyewe.

Swali lako la kwanza ni zuri, na jibu lake linaanzia mahali ambapo wengi wetu tumekosea tangu utotoni, pale tunapodhani kwamba jicho ndilo linaloona. Jicho linapokea mwanga tu. Mwanga unapita kwenye konea, ambacho ni kioo cha mbele, unaingia kwa tundu la mboni, unakusanywa na lenzi na kuangukia kwenye utando wa nyuma uitwao retina, wenye seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga. Kutoka hapo habari husafiri kuelekea ubongoni kwa mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni 1 tu, kwa hiyo jicho lenyewe limeshachambua na kupunguza mengi kabla ya kupeleka chochote. Safari hiyo inaishia kisogoni. Ndiyo, mwanangu, sehemu ya ubongo inayoanza kuziunga habari hizo kuwa mistari, kingo, rangi na mwendo iko nyuma ya kichwa, na kutoka hapo kazi hugawanywa kwa sehemu nyingine, mojawapo ikishughulika zaidi na nyuso za watu. David Hubel na Torsten Wiesel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kuonyesha jinsi seli za sehemu hiyo ya kisogo zinavyofanya kazi, kila moja ikiitikia mstari wa mwelekeo wake.

Baba mdogo akikuambia kwamba haya ni maneno ya Wazungu, mweleze kwa adabu kwamba Ibn al-Haytham, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Kairo, aliandika kuhusu kuona takribani miaka 1,000 iliyopita. Alieleza kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na kwamba mengi katika tunayoyaona hukamilishwa na kumbukumbu na hukumu ya akili. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayomhusu baba yako.

Kuna jaribio ambalo ningependa ulifanye wewe kwanza, kisha umfanyishe kaka yako. Chukua karatasi ya daftari la shule, yenye mistari. Upande wa kushoto weka alama ndogo ya kujumlisha, kisha upande wa kulia, umbali wa sentimita 8 kwenye mstari huohuo, chora duara jeusi la ukubwa wa punje ya kunde. Funga jicho la kushoto kwa kiganja, kaza jicho la kulia kwenye alama ya kujumlisha bila kuliondoa, halafu isogeze karatasi polepole kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Ikifika kama sentimita 30 duara litatoweka. Kila jicho la binadamu lina pengo lisiloona, mahali ambapo mshipa wa fahamu unatokea kwenda ubongoni, na Mfaransa Edme Mariotte alilionyesha katika miaka ya 1660. Lakini angalia kwa makini kinachobaki pale duara lilipokuwa, kwa sababu huoni shimo wala doa la giza, unaona karatasi yenye mistari yake haijakatika. Nani ameichora ile mistari? Jicho halikuiona. Ubongo umetazama pande zote za pengo, ukakisia, ukalijaza, na wala haukukuomba ruhusa. Kazi hiyo unaifanya kutwa nzima, kwangu, kwako na kwa kaka yako.

Sasa fikiria ubongo wa mtu aliyetazama bahari maisha yake yote, akitafuta kwa macho rangi ya maji yanapobadilika juu ya mwamba, ndege wanapozunguka, boya la wavu likicheza mbali. Sehemu ile ya kisogo ilikuwa ikipokea habari nyingi tangu alfajiri. Leo pazia jeupe limeshuka mbele ya lenzi zote mbili na habari zinazofika ni chache mno. Sehemu hiyo hailali kwa kukosa kazi. Huanza kuchangamka yenyewe, na chochote ilichozoea kukitengeneza, ikiwa ni vijimistari vilivyopishana, nyuso, nguo au watu wadogo, hukitengeneza bila kuletewa na jicho. Ndiyo maana wengi wenye hali hii huona michoro kama matofali au nyavu kwenye kuta nyeupe, na wengine huona watu wafupi waliovaa mavazi ya rangi kali, ambao hawatoi sauti. Huwajia zaidi jioni, mwanga unapopungua na mtu akiwa ametulia peke yake, na ndivyo ulivyoandika kuhusu baba.

Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanasayansi wa Geneva huko Uswisi, aliandika habari za babu yake Charles Lullin, mzee wa miaka 89 aliyekuwa karibu kipofu kwa mtoto wa jicho. Babu yule aliona wanaume, wanawake, ndege na majengo, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba havipo. Hakuwahi kuwa mvuvi wa Mikindani, hakuijua bahari hii wala majini yake, na bado alipatwa na jambo lilelile. Tena mwaka 1998 watafiti wa London waliwapiga watu wenye hali hii picha za ubongo wakati maono yenyewe yanawajia, wakakuta kwamba aliyekuwa akiona rangi, sehemu yake ya ubongo inayoshughulika na rangi ilikuwa kazini kwelikweli. Kwa hiyo baba anaposema “ninawaona” hasemi uongo. Na kama kaka yako atasema haya ni ya wazee tu, mwambie kwamba huko Boston, Marekani, watu 13 wenye macho mazima walikubali kufungwa vitambaa machoni kwa siku 5, na kati yao 10 waliona vitu visivyokuwepo kabla ya siku hizo kwisha. Taarifa yake ilitolewa mwaka 2004. Vitambaa vilipofunguliwa, maono yalikoma.

Nije kwenye masikio, maana hapa ndipo ninapoona baba amedhulumiwa zaidi, ingawa hakuna aliyekusudia.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Unapiga kiwambo cha sikio, kiwambo kinasukuma vifupa vitatu tuviitavyo nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku, mfupa mdogo kuliko yote mwilini, wenye urefu wa kama milimita 3, unasukuma maji yaliyomo ndani ya koklea. Koklea imejiviringa kama kombe la konokono, na ndani yake kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 zilizopangwa kwa utaratibu: zilizo karibu na mlango huitikia sauti nyembamba za juu, na zilizo ndani kabisa huitikia sauti nzito za chini. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza mawimbi yanavyopita humo. Seli hizi zikifa kwa binadamu hazioti tena, na zinazokufa mwanzo, kwa umri na kwa kelele, ni zile za mlangoni. Miaka mingi karibu na mashine ya boti inatosha kuzimaliza, na wavuvi wa umri wake wengi walikuwa baharini wakati uvuvi wa baruti ukiisumbua pwani yetu, ambapo mlipuko mmoja wa karibu unaweza kuliumiza sikio kwa sekunde moja.

Tazama sasa sentensi yako ya mlangoni, “wifi amepika.” Irabu zake, yaani zile a, e na i, ni nzito, zina nguvu na zinadumu, na seli za ndani za baba bado zinazipokea vizuri. Konsonanti kama f, p, s, sh, t na k ni dhaifu na fupi, na mengi yanayozitofautisha yako kwenye sauti za juu, kule kulikokwisha. Kwa baba ilifika a-e-i-a, na mahali pa konsonanti palikuwa na pengo. Pika, fika, shika, zika: kwake yote ni mwili mmoja usio na sura. Ubongo wake ukafanya kile ulichofanya wako kwenye karatasi ya mistari, ukajaza, tena ukajaza kwa busara, kwa sababu wifi ni mtu, na habari inayopewa mzee kuhusu mtu mara nyingi ni kwamba amefika. Mtafiti Mmarekani Richard Warren alionyesha jambo hili mwaka 1970 kwa kukata sauti moja katikati ya neno na kuweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walilisikia neno zima, na hawakuweza kusema kikohozi kilikaa wapi hasa. Wewe mwenyewe hufanya hivyo kila siku sokoni bodaboda inapopita katikati ya maneno ya mwenye kuuza ming'oko.

Liko jambo moja zaidi kuhusu mchana ule, ambalo umeliandika bila kulitilia maanani. Ulisimama mlangoni na jua lilikuwa nyuma yako. Mwenye masikio dhaifu husikia kwa macho pia, kwa kuwa ubongo huunganisha mwendo wa midomo na sauti kabla ya kuamua ni neno gani. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waligundua kwamba mtu akionyeshwa midomo inayosema “ga” huku masikioni akiletewa “ba”, wengi husikia “da”, sauti ambayo hakuna aliyeitamka. Tamka “pika” na “fika” mbele ya kioo. Katika p midomo inafungana kabisa, katika f meno ya juu yanagusa mdomo wa chini, na hata mtu asiyesikia kitu anaweza kuzitofautisha. Baba asingekosea kama angeuona mdomo wako. Lakini mtoto wa jicho amemnyang'anya midomo, na jua lililokuwa nyuma yako likaufanya uso wako kivuli kitupu. Mtu aliyeambiwa kwamba mgeni amefika, akanyanyuka, akanyoosha kanzu na kwenda kumpokea, ametimiza adabu aliyolelewa nayo. Kumfungia ndani kwa sababu hiyo ni makosa, na ninamwomba kaka yako, kwa mapenzi yote, amrudishe barazani kwa wenzake leo hii. Kumtenga na watu kunampunguzia sauti na sura zilezile chache ambazo ubongo wake unazihitaji.

Kaswida ya usiku nayo ina maelezo ya namna hiyohiyo. Sikio likinyamaza, sehemu ya ubongo inayoshughulika na sauti huweza kujiletea zake, kwa wengine mvumo au mlio, na kwa wengine muziki waliouzoea tangu utotoni, kipande kifupi kinachojirudia. Huja usiku kwa sababu usiku hakuna sauti nyingine za kuufunika.

La kufanya, basi. Mpeleke kwanza kwenye kitengo cha macho cha hospitali ya mkoa, ambayo kwenu ni Ligula, kilomita kama 10 tu kutoka hapo Mikindani. Ndugu zako wa Lindi wangeanzia Sokoine. Weupe ule kama tui mara nyingi ni mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyopoteza uangavu wake, lakini wenye vifaa ndio watakaothibitisha na kuangalia kama retina na mshipa wa nyuma viko salama, maana kuna maradhi mengine ya jicho ambayo upasuaji wa lenzi hauyatibu. Mtoto wa jicho hatibiwi kwa matone wala miwani. Hutibiwa kwa upasuaji ambao kwa kawaida hufanyika kwa ganzi ya jicho tu, mgonjwa akiwa macho. Lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa nyingine ya bandia, kazi aliyoianzisha Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Najua yanayosemwa vijijini kwamba jicho hung'olewa likawekwa mezani kisha likarudishwa. Halitoki mahali pake hata kidogo, na umweleze baba hivyo kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Uliza pia mapema, kabla ya siku ya miadi, kuhusu msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, ili fedha isiwe sababu ya kuahirisha.

Waambie wahudumu habari za watoto wa vikofia vyekundu na za nyavu bila kuona haya, na mtaje kila dawa anayotumia, kwa sababu baadhi ya dawa nazo huleta maono. Siku hiyohiyo omba masikio yake yaangaliwe. Wakati mwingine nusu ya tatizo ni nta iliyoganda, ambayo huondolewa kwa dakika chache, na ikiwa si nta basi apimwe usikivu, ili ijulikane kama kifaa cha kusaidia kusikia kitamfaa.

Kuhusu mganga nitasema kwa heshima lakini bila kupindisha. Dua haimdhuru baba, na mimi mwenyewe nitamwombea. Dawa ya kudondoshea machoni isimguse. Nimehudumia macho yaliyoungua konea kwa maji ya majani na vitu visivyojulikana, macho ambayo yangeweza kufunguliwa kwa upasuaji, yakafungwa moja kwa moja kwa tone hilo. Kwa desturi zetu huku Kusini neno la mjomba lina uzito nyumbani. Ikiwa wewe na kaka yako mnaye mjomba mwenye busara, mwombe akae na baba mdogo na kumwomba ngoja ngoja ya mwezi mmoja hadi hospitali iseme.

Nyumbani, jioni zikianza kuingia, washa taa mapema pale anapokaa. Maono yakija, mwambie apepese macho, ayazungushe kushoto na kulia mara kadhaa, au anyooshe mkono kama alivyogundua mwenyewe. Usiku mwache na redio yenye sauti ya chini, ambayo mara nyingi huituliza kaswida ile. Ukitaka kusema naye, zima redio, mguse bega kwanza ajue kwamba unaanza, ukae mbele yake mwanga ukikuangukia usoni, useme polepole kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele zinazokua ni irabu, ambazo tayari anazisikia, na konsonanti zinazidi kuzama. Ndiyo maana anaona kwamba mnamfokea. Asipopata neno usilirudie lilelile, badilisha sentensi: “Chakula kiko tayari, wifi ametupikia.”

Mpeleke hospitali haraka, bila kusubiri miadi, endapo maono yatabadilika akaanza kuyaamini, yakamsemesha, au akachanganyikiwa ghafla pamoja na homa. Endapo atalegea upande mmoja wa mwili au ulimi ukawa mzito. Na endapo ataona vimulimuli vya ghafla kisha kivuli kikashuka kama pazia kwenye jicho moja. Hayo si hali ya Charles Bonnet. Mwendo ukibadilika, mikono ikatetemeka au akasahau mambo ya karibuni zaidi na zaidi, yaeleze hayo nayo kwa daktari.

Macho yakifunguka, mara nyingi watoto na nyavu hupungua na kuondoka, ingawa wakati mwingine si mara moja. Kaswida inaweza kubaki, kwa kuwa masikio hayakuguswa, na ni vizuri baba alijue hilo mapema asije akadhani tiba imeshindwa.

Lakini kabla ya hospitali na kabla ya kuzungumza na mjomba, leo jioni mpeleke mwanao barazani mkono kwa mkono, mkae na babu yake kwenye mkeka, taa ikiwa mbele ya nyuso zenu. Mguse bega. Mwombe amsimulie mjukuu wake vile vikofia vyekundu vimeshonwaje, na nyavu za ukutani, kwa macho yake yale madogo, ni za kuvulia samaki gani.